Kitalu cha Baba Loveness

Mume wangu Semboja alipanda Lushoto kumtembelea binamu yake anayekuza maua, akalala huko usiku mmoja, akarudi hapa Mkumbara mtaalamu. Akajenga kitalu cha nailoni, akapanda mawaridi, akamwahidi binti yetu Loveness kwamba maua atakayoshika kanisani siku ya harusi yatatoka mikononi mwa baba yake. Mtoto akaamini, akakataa kuagiza mengine Korogwe mjini.

Sasa kule Lushoto jua likizama baridi inang'ata, kwa hiyo binamu anashusha mapazia ya kitalu. Semboja naye akashusha. Hapa Mkumbara, ambako kuku wanahema midomo wazi kivulini! Akayafunga usiku na mchana.

"Baba Loveness, unayachemsha maua," nikamwambia.

"Binamu yangu anafunga. Wewe umewahi kuuza hata ua moja?"

Mawaridi yakatoka na vikonyo vifupi kama njiti za kiberiti. Asubuhi yamechanua, mchana yamepukutika. Loveness akawa analia jikoni, akisingizia moshi. Siku zile nilimdharau Semboja, simung'unyi maneno.

Kisha mbuzi wetu akairarua nailoni kwenye kona, akifuata majani. Semboja akamcharaza fimbo, akaapa kwamba mnyama yule atamtambua. Kuziba tundu, hata hivyo, kulimshinda kwa uvivu. Kila siku ilikuwa kesho. Upepo ukapata njia. Harusi ilipokaribia, kona ile peke yake ikatoa mawaridi marefu, vichwa vimefumba, vimenona. Loveness akayakata alfajiri ya harusi yake huku akicheka, nami nikacheka naye.

Ukumbini Semboja akanyakua kipaza sauti. "Mnayaona maua ya binti yangu? Siri ni kufunga mapazia! Sisi Wasambaa tumezaliwa na maua!"

Wageni wakampigia makofi. Mzee mmoja wa Sindeni akaomba aje kufundishwa, na mume wangu akamkubalia kwa huruma kubwa. Nilitamani ardhi ipasuke, imeze kipaza sauti pamoja na mwenyewe.

Loveness akaweka kijiko chini, akaniinamia sikioni. "Mama, yule mbuzi nataka nihame naye. Baba hajamfanya kitu?"

Nikamwonyesha kwa kidevu sahani yake ya pilau.