Kaburi la Yago

Siku ya pili baada ya kufika kutoka Kisumu, Oduol aliamka mapema, akavaa viatu vyake vizito vya kupandia milima, akamwambia dada yake Adhiambo kwamba kwa kuwa Tarime hakuna reli, basi angalau ampeleke juu mlimani akapigwe na upepo.

Hawakuwa wa tumbo moja. Baba zao ndio walikuwa ndugu. Mmoja alibaki huku, mwingine akahamia ng'ambo ya mpaka, na Oduol akazaliwa na kukulia huko. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, lakini kilichomtoa kitandani ni treni. Siku zake za mapumziko alipanda vilima vya Londiani, akakaa juu ya jiwe na kamera, akisubiri treni izunguke kona. Mkewe alishamwambia kwamba afadhali angekuwa na mwanamke mwingine, hapo angejua pa kumtafuta.

Adhiambo hakumcheka. Marehemu baba yake alifanya kazi ya reli Kenya ujanani, na hadithi za treni ndizo zilizowalea yeye na kaka yake Ouko. Aliyezishika ni Ouko. Akiwa mdogo aliwapanga ng'ombe wa nyumbani mstari mmoja njiani, akawaita mabehewa, mwenyewe akipiga honi kwa mdomo nyuma yao. Akafa bila kuona treni kwa macho yake. Katika kifo kile kulikuwa na mambo mengi makubwa ya kumliza mtu, lakini hilo dogo ndilo lililomrudia Adhiambo kila mara.

Ouko alikuwa akichimba dhahabu Kerende, upande wa Nyamongo, kwenye duara, yale mashimo membamba ya wachimbaji wadogo. Mvua ilinyesha usiku kucha, na alfajiri kuta zikashuka juu ya waliokuwa ndani. Walitolewa watatu, wote maiti. Kisha maji yakajaa, uokoaji ukasimama. Zamu ilikuwa ya Ouko, na Ouko hakuwa miongoni mwa waliotolewa. Wazee wa ukoo walisubiri mpaka wakachoka, wakafanya kama Wajaluo wanavyofanya mwili usipopatikana: walikata tunda la mti wa yago, refu na zito, wakalivisha shati la marehemu, wakalilaza kwenye jeneza, wakalizika uani. Adhiambo alilirushia udongo kama wengine. Tangu hapo alilipalilia kaburi lile, na alipokuwa peke yake alilisemesha kwa jina.

Njia ya mlimani ilipita kwa Mokami, jirani yao Mkurya. Siku hiyo walimkuta akikandika nyumba ya mwanawe Wangwe, udongo umemfika viwikoni. Wangwe na Ouko walikua pamoja, na mara nyingine walichimba pamoja. Wiki ile ile ya ajali Wangwe aligombana na baba yake juu ya ng'ombe, akaondoka akisema hatakanyaga tena pale. Hata msibani hakuonekana. Watu walisema amekimbilia Kenya, wakamwita mtu asiye na shukrani, aliyeshindwa kuja kumzika rafiki yake. Mama yake tu ndiye aliyeendelea kuikandika nyumba yake kila ilipopasuka, ili siku akirudi asilale kwenye nyufa.

Walimwamkia shikamoo. Mokami aliitikia, akamtazama Oduol kuanzia viatu mpaka kofia, akauliza kama huyo ndiye mgeni wa Kenya. Kisha akamuuliza alichokuwa akimuuliza kila dereva wa lori aliyetoka mpakani Sirari: kama huko hajakutana na kijana mrefu, mwenye pengo la mbele, anayecheka sana. Oduol alisema taratibu kwamba Kenya ni kubwa, mama. Mokami akasema anajua ni kubwa, ndiyo maana anauliza watu wengi.

Walipanda. Kwenye mwinuko wa mwisho Oduol alianza kuhema na bado akawa anasema, akilalamika kwamba Watanzania wanatembea kama wanaokwenda kuchumbia, hawataki kutoka jasho. Adhiambo alikuwa mbele yake na kikapu cha viazi na chupa ya uji.

Juu kulikuwa na upepo na mawe. Upande wa magharibi ziwa lilionekana kama bati jipya, kaskazini ni vilima vya Kenya, na mbali kusini palikuwa na rundo la mawe ya mgodi, kijivu, tambarare juu, mlima ambao Mungu hakuuweka. Adhiambo aliupa mgongo. Simu ya Oduol ikalia: mtandao wa Kenya umemnasa na kumkaribisha nchini. Akasema amerudi nyumbani bila pasi, na kwamba sasa ataangalia treni akiwa Tarime.

Akaeleza anavyofanya. Pale stesheni ya Londiani kuna jamaa anayeuza mahindi ya kuchoma. Uso wake haujui, namba alipewa na wapenzi wenzake wa treni. Kabla ya kupanda mlima wake humpigia kuuliza treni iko wapi, na ikipita jamaa humhesabia mabehewa.

“Ni wa huku huku kwenu,” alisema. “Mkurya. Anaitwa Wangwe.”

Adhiambo aliweka kikombe cha uji chini. Alimtaka arudie. Kisha akamweleza yule mama wa udongo mikononi alikuwa akimuulizia nani, na Oduol akapiga goti lake kwa furaha, akasema basi leo wanachinjiwa kuku. Adhiambo tayari alikuwa akishuka mlima kichwani mwake. Alijiona akifika, akisema, na Mokami akisahau kunawa. Tangu msiba ule hakuwahi kumpelekea mtu yeyote habari njema, na sasa alikuwa nayo, ya moto, ya kukimbia nayo.

“Piga,” alisema. “Halafu unipe mimi.”

Simu iliita. Oduol akaweka sauti kubwa. Mtu akapokea akicheka, akasema boss ana bahati, treni ya mizigo ndiyo hiyo inaingia, angoje amhesabie. Mngurumo ukajaa ndani ya simu. Nyuma ya mngurumo sauti ikaanza kuhesabu kwa Kijaluo, polepole, kwa mdundo wa magurudumu.

“...abich, auchiel, abiriyo, aboro, apar...”

Oduol akamwegemea dada yake, akanong'ona kwamba jamaa huwa anaruka tisa. Kila mara. Ameshamwambia mpaka amechoka.

Adhiambo hakumsikia vizuri. Masikio yake yalikuwa yameziba, kama mtu aliyezamishwa majini. Zamani Ouko alipoteza ndama mmoja porini. Jioni baba yao alikaa ndani, akisikiliza kundi likihesabiwa langoni, na Ouko akaruka tisa ili hesabu itimie. Alichapwa, ndama akapatikana, mambo yakaisha, lakini ulimi wake haukurudi tena kwenye tisa. Nyumba nzima ilimcheka kwa hilo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyehesabu hivyo.

“Ouko,” alisema.

Kuhesabu kukakatika. Mabehewa yakaendelea kupita bila mtu wa kuyahesabu.

“Nani mwenzangu?”

“Adhiambo.”

Ouko hakukata simu. Treni ilipita mpaka ikaisha, ukabaki upepo wa kule na upepo wa huku. Ndipo akaanza kusema, kwa sauti ya chini, bila kuulizwa. Kwamba treni ya abiria ilikuwa imerudishwa kwenye njia ile, na yeye alitaka kuiona mara moja tu, kisha arudi kazini. Kwamba Wangwe alikuwa amekosana na watu wa kwao na anatafuta kazi, akamwambia nenda, nitakushikia zamu. Kwamba aliiona. Ilikuwa ndefu kuliko baba alivyosema. Siku aliyorudi alifika mpaka Isebania, akaingia kunywa chai kabla ya kuvuka, na mezani watu walikuwa wakisimulia kifo chake.

“Nilisikia mnanilia mimi,” alisema. “Ningekuja kumwambia nini mama yake?”

“Ukachukua na jina lake.”

“Nilitaka mtu aendelee kuliita.”

Oduol alikuwa amesimama, kofia mkononi, kama watu wanavyosimama jeneza linapopita. Ouko akamwomba dada yake asiseme. Kaburi lake si lipo, aliache hivyo hivyo. Ndugu za Wangwe wakijua, hata wao wa nyumbani hawatakaa salama. Hata yeye ameshakufa, amezoea.

Adhiambo alitaka kumtukana. Alitaka pia kumuuliza kama anakula vizuri.

“Mama yake anakandika nyumba yake leo,” alisema mwisho. “Nimemwacha na udongo mikononi.”

Akamrudishia Oduol simu.

Walishuka. Viazi vilibaki juu ya jiwe. Ndani ya Adhiambo kulikuwa na kitu kilichoruka kama ndama, kikisema yu hai, yu hai, naye alikionea aibu na hakuweza kukinyamazisha. Akinyamaza, kaka yake ataendelea kuwa hai kule, na Mokami ataendelea kukandika. Hilo tu ndilo lililokuwa mbele yake, na njia ilikuwa moja, ikipita mlangoni kwa Mokami.

Mokami alikuwa amefika upande wa mlango. Akauliza kama mlima umewashinda, mbona wamewahi hivyo.

“Mama, kaa kidogo,” alisema Adhiambo.

Mokami alimtazama usoni. “Sema nikiwa nimesimama.”

Adhiambo alisema. Alianza na treni, akaona hapafai kuanzia, akarudi kwenye zamu. Hakuficha jina la kaka yake. Alipomaliza, kuku walikuwa wakiendelea kuparura pale pale, na udongo kwenye mikono ya Mokami ulikuwa umeanza kukauka na kupasuka.

“Siku ya msiba wenu nililia mpaka wazee wenu wakaniambia nipunguze,” Mokami alisema. “Nilidhani namlilia wa kwenu.”

Alimgeukia Adhiambo.

“Na yeye yu hai.”

“Yu hai, mama.”

Mokami aliinama, akachota udongo, akaubandika ukutani, akausawazisha kwa kiganja. Adhiambo akamwomba aache, atamalizia yeye. Mokami akatikisa kichwa. Akasema watu watakuja, na hawawezi kukuta nyumba ya mwanawe imekandikwa nusu. Basi Adhiambo akavua viatu, akakunja mikono ya blauzi, akachota udongo, akaanza upande wa pili wa mlango. Oduol alitundika kamera yake kwenye uzio, akachukua ndoo.

Hakufika kwenye maji. Simu yake ililia mfukoni, akaitoa, akaiangalia, akabaki ameishika mbali na mwili wake.

“Nani huyo?” aliuliza Mokami.

Oduol alimtazama dada yake, kisha ardhi. Akasema jina lililoandikwa pale ni Wangwe.

Mokami alijifuta mikono kwenye kanga, upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka hapakuwa na cha kufuta. Akanyoosha mkono.