Papa Philémon Anazungushwa Kiwanja

Timu ya zamani ya shule ya mtaa wa Kasha ilikuwa na desturi yake: mtu wa mpira hapelekwi makaburini moja kwa moja. Jeneza lake huzungushwa kwanza kiwanja. Jean-Marie aliijua desturi hiyo vizuri, maana ndiye aliyekuwa kapteni, lakini asubuhi ile alipoliinua jeneza la mwalimu wao, Papa Philémon, begani hakuwa na wasiwasi. Shule ilikwisha bomolewa, kiwanja kikakatwa parsele za kujengea, na sasa pamejaa nyumba.

"Tumuzungushe kiwanja yake," alisema Christophe, aliyebeba mbele.

"Kiwanja iko wapi, ndugu yangu?" Jean-Marie akauliza haraka.

"Iko chini ya hizi manyumba. Miye nakumbuka laini zote."

Wakaingia vichochoroni. Hapa kona. Hapa katikati. Hapa Emile alivunjika mguu, na Emile mwenyewe, anayechechemea mpaka leo, akaitikia kutoka nyuma kwamba ni hapo hapo. Wanawake waliimba. Jean-Marie jasho lilimtoka, wala halikuwa la uzito wa marehemu.

Tingatinga zilipokuja, wachezaji wote waliapa mbele ya Papa Philémon kwamba hakuna atakayenunua hata shubiri moja ya ardhi ile. Jean-Marie aliapa kwa sauti kuliko wote. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwaka haukuisha, akanunua. Tena alichagua mahali pa goli, kwa sababu palikuwa tambarare. Kila aliyemuuliza anakaa wapi alimwambia Kavumu. Papa Philémon alikufa akiamini hivyo, na mara ya mwisho walipoonana alimwombea safari njema ya kurudi Kavumu.

Wakafika kwenye lango la bati la buluu. Maman Euphrasie, mjane wa marehemu, akainua mkono.

"Goli ilikuwa humu ndani," alisema. "Philémon alikuwa anasimamaka nyuma yake kila siku. Mupige hodi, tuombe wenye nyumba."

Christophe akagonga. Jean-Marie, bega likiwa chini ya jeneza, alimwomba Mungu mkewe awe amelala. Rosette alibaki nyumbani na mtoto mchanga, na hakujua lolote kuhusu kiapo. Lango likafunguka. Rosette akalitazama jeneza, kisha akawatazama waliolibeba.

"Papa Gentil," akamwambia mumewe, "kumbe munamuleta huku kwetu? Ungeniambia, ningetandika hata viti."

Christophe aligeuza shingo akamtazama kapteni wake, halafu akatazama chini. Kama si jeneza, Jean-Marie angekimbia.

Maman Euphrasie aliingia wa kwanza. Nyuma ya jiko, nguzo moja ya goli ilikuwa bado imesimama, imefungiwa kamba ya nguo, nepi za mtoto zikining'inia. Wakaliweka jeneza kando yake. Mjane aliishika nguzo kwa mikono miwili akalia, kisha akaja akamshika Jean-Marie shavuni.

"Aksanti, mwana wangu. Kumbe ulinunua ili umuchungie goli yake. Na ukanyamaza tu, hukutaka sifa."

Jean-Marie alifungua kinywa. Alipohamia hapo, nguzo ile aliipiga nyundo kuiondoa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Akaleta msumeno, ukavunjika meno. Saruji ambayo Papa Philémon aliimwaga kwa mikono yake mwenyewe ilimshinda nguvu, ndipo akaiacha na kumwambia Rosette aanikie nguo. Wote walikuwa wanamtazama, wanangoja aseme.

"Ndiyo, maman," akasema.

Mjane akambariki. Walipoliinua tena jeneza, Christophe alimwita Emile ashike mahali pa Jean-Marie, na Emile, pamoja na mguu wake ule, akaja akashika.