Jeneza la Mama Kasiva Kwenye Kompyuta

Omolo seremala ndiye aliyeanza. Aliingia saiba ya Kavetsa hapa Voi, akakalia kompyuta, akatafuta bei za majeneza mtandaoni, akaenda zake. Tangu hapo, yeyote aliyekalia kompyuta ile aliwekewa tangazo la jeneza mbele ya macho, hata kama alitaka matokeo ya mpira tu.

Mama Kasiva wa kijiji cha Mraru alikuja kutafuta dawa ya kupe. Jeneza likatoka, jeusi, lina vishikio vya dhahabu. Jirani yake akaliona, akaamua mama anajiandalia kufa. Kabla Mama hajafika nyumbani, kundi la WhatsApp lilishafunguliwa, kamati ya mazishi imechaguliwa, na mbuzi wake amefungwa tayari kuchinjiwa waombolezaji.

"Lakini niko hai!"

"Tunaona, mama," alijibu mheshimiwa Munyoki, mwakilishi wa wadi na mwenyekiti wa kila msiba. "Usiivuruge kamati."

Akarudi saiba analia. Mimi, ninayezitunza kompyuta za Kavetsa, nikapandwa na hasira. Manyapara wa mashamba ya mkonge waliwaandama baba zetu hivi hivi: nani kachelewa, nani kapumzika wapi. Sijasahau. Sasa ni tovuti. Ukipita, inaacha kidakuzi, alama ya kukukumbuka, ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Wewe ukiondoka, anayekuja nyuma yako anabebeshwa mambo yako. Nikaongeza kwenye kivinjari cha Kavetsa programu ndogo ya bure inayovianika vidakuzi vyote: hiki futa, hiki kitie kufuli kisiguswe.

Munyoki akaja na kamati nzima.

"Kamati haivunjwi bila kuzika," akasema.

"Basi tuzike."

Nikasoma kwa sauti jina la kila kidakuzi cha majeneza, nikakifuta, nao wakaitikia "Amina." Mweka hazina alilia kwelikweli.

"Hebu nihakikishe," akasema Munyoki, akaketi. Jeneza halikutokea. Yakatokea mabomba ya maji, tena ya punguzo.

"Haya nayo yametafutwa na nani?"

"Na wewe, mheshimiwa. Wakati wa kura ulikalia kiti hiki hiki, ukawaonyesha watu wa Mraru bomba utakalowaletea. Kidakuzi hicho nimekitia kufuli."

"Kifute!"

"Maji yakifika."

Kamati yote ikamtazama. Mama Kasiva akapangusa macho.

"Kwa kuwa kamati haivunjwi," akasema, "na mimi nimekataa kufa, ishughulikie bomba. Mbuzi wangu afunguliwe. Wa mheshimiwa ndiye afungwe. Nani ananiunga mkono?"

Mikono ikapanda, hata ya mweka hazina, ambaye machozi yalikuwa hayajakauka.

Mpaka leo kundi lile lipo, limebadilishwa jina tu: Bomba la Mraru. Munyoki hujitoa kila asubuhi. Mama Kasiva, ambaye sasa ndiye admin, humrudisha kabla hajamaliza chai.