Shahada Juu ya Kikaango

Shahada ya Pyo Sang-gil ilining'inia ukutani, juu kidogo ya kikaango cha mafuta, katika duka lake la kuku pale mjini Anyang. Miaka sita ya mvuke wa mafuta ilikuwa imekigeuza kioo cha fremu kikawa rangi ya chai ya shayiri, na mtu aliyetaka kusoma jina la chuo ilimbidi afute kwanza kwa kidole. Wateja wa siku zote hawakuacha kumchokoza.

"Mzee Pyo, na hiyo nayo ni oda ya mtu, au mnaikaanga bure?"

Sang-gil alicheka kwa meno tu. Utani wenyewe kila mtu nchini anaujua: mwandishi wa programu za kompyuta, awe hodari awe goigoi, akifika umri fulani ofisi humtema, naye huishia kukaanga kuku. Yeye mwenyewe aliutoa utani huo mara nyingi alipokuwa kijana kazini, wenzake wakashika mbavu. Lakini mcheka kilema hafi bila kumfika. Yeye kilimfika akiwa na miaka arobaini na mitano, siku ya Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angekuwa wa mwisho kumsukuma mwanawe kwenda chuo. Wapi! Narae, binti yake wa pekee, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mtihani wa taifa umebaki siku za kuhesabu kwa vidole, naye alitaka kitu kimoja tu duniani: kutengeneza magemu. Alikuwa akiyatengeneza tangu ana miaka kumi na mitatu, na chuo alikiona ni miaka minne ya kupanga foleni.

"Wote wanaotengeneza magemu ya maana wamesoma," baba alimwambia mezani.

"Na wewe ulisoma," Narae akajibu. "Nipitishie chumvi."

Mama yake, Tak Mi-ran, aliinama haraka kuokota kijiti cha kulia ambacho hakikuwa kimeanguka. Mi-ran ndiye aliyepokea simu za oda na kuwapanga madereva wa pikipiki, na katika ugomvi wa chuo alikuwa ametangaza kwamba yeye hana upande, ana simu.

Mambo yalikolea pale kampuni ndogo ya magemu ya kule Pangyo, ya watu kumi na wawili, ilipotangaza kazi kwa maneno haya: shahada si lazima, tuleteeni gemu. Narae akatuma lake. Lilikuwa la mpeleka oda anayekimbizwa mitaani na kuku walio hai, wenye kisasi cha ndugu zao. Kampuni ikamwita usaili, Ijumaa ya wiki moja kabla ya mtihani wa taifa, ikamwomba jambo moja: kuku wawe elfu.

Sang-gil aliisoma barua ile akitafuta utapeli ndani yake. Alipoukosa, akaweka dau.

"Wakikuchukua, mtihani uache, na shahada yangu naishusha pale. Wakikukataa, unafanya mtihani na unakwenda chuo chochote kitakachokupokea, hata kiwe cha kufuga nyuki."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Wakafungana vidole vidogo, wakagonga muhuri kwa vidole gumba, kama walivyofanya alipokuwa na miaka mitano. Toka hapo hakuna aliyeweza kurudi nyuma.

Tatizo ni kwamba kuku elfu walikataa kukimbia. Wakifika mia mbili tu, picha ilianza kujikokota, na wakifika mia nne laptopu ilinyamaza kabisa. Jumanne mchana, zimebaki siku tatu, duka halijafunguliwa, Narae alikuwa ameketi meza ya nne, mikono kichwani. Aliogopa. Kwa mara ya kwanza aliona wazi kwamba angeweza kushindwa, tena kwa haki.

Baba yake alipita na ndoo ya figili za siki. Akapita. Akarudi kinyumenyume.

"Hao kuku wanafanya nini?"

"Kila kuku anaangalia aliye karibu naye ni nani, wasipitiane mwilini."

"Anajuaje aliye karibu?"

"Anawauliza wote walipo."

"Kila kuku anamuuliza kila kuku?" Sang-gil akaitua ndoo. "Elfu wanawauliza elfu? Mwanangu, hata harusini watu hawasalimiani hivyo. Mama yako akipata oda ya mtaa wa Bisan, anampigia kila dereva wa Anyang nzima?"

"Hapana. Anawapigia waliopo Bisan."

"Basi."

Akavuta kijitabu cha oda, akachora miraba. Kila kuku akae na mraba wake, aulize waliomo humo na walio miraba ya jirani, hao wa mbali wanamhusu nini? Alieleza akitikisa kalamu, mgongo umenyooka, na sauti yake ilikuwa ile ambayo Narae hakuwa ameisikia tangu baba aache kuvaa kitambulisho cha ofisi shingoni. Figili zilisahaulika. Kabla simu za jioni hazijaanza, kuku elfu walikuwa wakitimua mbio mitaani, na mpeleka oda akipiga mayowe.

"Hii tulifundishwa chuo, mwaka wa pili," Sang-gil akasema, kifua mbele. "Umeona sasa faida yake?"

"Nimeona. Wewe ilikuchukua miaka miwili, mimi umenipa kwa dakika kumi. Tena bila ada."

Baba akaichukua ndoo yake ya figili. Kule kaunta, Mi-ran alipaliwa na mate yake mwenyewe.

Ijumaa ilifika, nayo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Narae. Mi-ran aliamka alfajiri akapika supu ya mwani, maana mama asiyempikia mwanawe supu ya mwani siku hiyo atamtazamaje usoni? Alichosahau ni kile ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua: mwani huteleza, na mwenye mtihani haugusi, asije akateleza nao akafeli. Au labda hakusahau. Mi-ran alikuwa na hoja zake.

"Mtihani ni wiki ijayo," alisema akiweka bakuli mezani. "Leo ni maongezi tu. Na mimi niliumwa uchungu saa kumi na tisa, kisha wiki tatu baada ya kukuzaa sikula kingine ila hii. Kunywa."

Narae hakuyaamini mambo hayo, alisema hivyo kila mara. Hata hivyo kijiko kilisimama hewani, hakiendi mdomoni wala hakirudi. Amkasirishe mama siku ya uchungu wake, au ateleze Pangyo?

Hapo Sang-gil alitoka chumbani, nywele zimesimama upande mmoja. Akalitazama bakuli. Akalinyanyua, akainywa supu yote wima, mwani na nyama na moto wake, macho yakamtoka machozi.

"Baba, hiyo ilikuwa yangu."

"Nilikuwa na njaa."

"Wewe huli asubuhi."

"Leo nimeanza."

Mi-ran alishika kiuno. "Baba Narae, si ndiwe uliyeweka dau ashindwe?"

"Dau ni dau," Sang-gil akasema, akipepea ulimi kwa mkono. "Lakini bakuli moja linatelezesha mtu mmoja. Mimi nimeshateleza zamani, nimezoea."

Kisha akaliendea lile boksi la peremende za kunata ambalo shangazi yake Narae alikuwa amelileta kwa ajili ya mtihani, ili anate asianguke, na ambalo lilikatazwa kuguswa mpaka siku yenyewe. Akachana karatasi, akamtia bintiye moja mfukoni mwa koti. "Hii inanata," alisema, akaenda kuosha uso. Narae alishuka ngazi. Alikuwa amejiandaa kumshinda baba yake. Sasa aliona uchungu kwamba angeweza kumwangusha.

Aliyemsaili ni mkuu wa waandishi wa programu, Bi Gam Yun-ju, mama wa makamo aliyevaa suti nzuri na ndara za plastiki. Hakuuliza shule. Aliwafungulia kuku elfu, akawatazama, akacheka kwa pua, akauliza imewezekanaje. Narae akaeleza habari za miraba na madereva wa Bisan, na moyo ukaanza kutulia. Ilikuwa hapo, kwa kujiamini kupita kiasi, alipoing'ata ile peremende ya baba aliyoitia mdomoni ndani ya lifti.

"Vizuri," Bi Gam akasema. "Na kuku wote elfu wakijazana mraba mmoja?"

Narae hakulijua jibu. Isitoshe, peremende ilikuwa imemgandisha meno ya juu na ya chini, hivyo hata kusema hajui hakuweza. Alikaa kimya, mashavu yakimcheza, na Bi Gam akauchukua ukimya ule kuwa ni busara.

"Sijui," akasema hatimaye, taya zilipoachiana. "Lakini nitajua."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho Jumamosi."

"Kuku hawajui Jumamosi."

Bi Gam akaifunga laptopu. "Niandikie kabla ya saa sita mchana kesho. Ukilipata jibu, kazi ni yako. Ukilikosa, nenda chuo, tutaonana baadaye."

Aliporudi dukani, baba yake alikuwa akichuja mafuta. Hakuuliza ya usaili. Aliuliza kama basi lilikuwa limejaa. Narae akamsimulia yote, na alipofika kwenye ule mraba mmoja, Sang-gil akaweka koleo chini.

"Hilo walilifundisha," akasema polepole. "Wiki iliyofuata ile ya miraba."

"Enhe. Walisemaje?"

Sang-gil alijikuna shingo. "Sikuwepo."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa ukumbi wa gemu. Ule wa nyuma ya lango la chuo. Wiki nzima."

Kule kaunta kicheko kilimpasuka Mi-ran, akalazimika kumwomba radhi mteja wa kwenye simu. "Miaka ishirini na mitatu nimekaa na mwenye shahada," alisema alipopata pumzi, "leo ndiyo naambiwa ina tundu."

Wakakaa meza ya nne, baba na binti. Miraba midogo zaidi? Basi mji mzima unajaa miraba mitupu, laptopu inachoka kwa kuhesabu hewa. Mikubwa zaidi? Wanarudi kule kule. Kijitabu cha oda kikaisha. Sang-gil akatafuta karatasi kushoto, kulia, kisha akatazama ukutani. Alishusha fremu, akachomoa shahada, akaigeuza. Mgongo wake ulikuwa mweupe pe.

"Baba, dau bado halijaamuliwa."

"Nataka karatasi," akasema, na akaanza kuchora.

Narae alimtazama mkono ukienda mbio. "Kwa nini ulitaka sana nipate moja kama hii?"

Hakuinua kichwa. "Sikuogopa ukose kazi. Akili unayo. Niliogopa siku watakapokutema usiwe na kitu cha kuning'iniza."

"Nitaning'iniza koleo lako."

Akatabasamu, akafuta mraba. Walikuwa wamekwama kabisa pale Mi-ran aliposema, huku akikata figili, bila hata kuwatazama:

"Yale maghorofa mapya ya Bisan yalipopata wapangaji, si oda zote zilikuwa zinatoka pale pale? Madereva wanagongana mlangoni. Nilifanyaje?"

"Ulifanyaje?" wakauliza pamoja.

"Bisan nikaigawa vipande vinne. Kipande kilichojaa nikakigawa tena vinne. Kusikokuwa na watu nikakuacha kama kulivyo. Kwani nyie mnahangaika na nini tangu saa hizo?"

Kalamu ya Sang-gil ilisimama juu ya karatasi. Alimtazama mkewe, akaitazama miraba, akamtazama tena mkewe kama mtu aliyekalia hazina akidhani ni kigoda.

"Mama Narae, haya ulisomea wapi?"

"Kwenye simu hii. Watu wakinitukana kuku amepoa."

Narae aliandika jibu lile kwa maneno yake mwenyewe, akataja limetoka kwa nani, akalituma jioni ile ile. Jumamosi, saa tano na nusu, lilirudi neno: aanze kazi akishamaliza shule, na amsalimie sana mama yake. Sang-gil aliisoma barua mara tatu, kisha akaingia chumba cha baridi akakaa humo kupita mahitaji ya kuku. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasingizia vitunguu.

Dau ni dau: shahada ilikuwa imeshashuka. Lakini ukuta ulibaki na mstatili mweupe uliomkera Mi-ran, kwa hiyo akaisafisha fremu, akairudisha karatasi ndani upande wa mgongo, ikatundikwa pale pale, miraba nje: mikubwa, na midogo ndani ya mikubwa, na mmoja wenye alama ya kidole cha mafuta.

"Mzee Pyo," akasema mteja wa siku zote, akinyoosha shingo, "hii sasa ni shahada ya nani?"

Sang-gil akatikisa kichwa, si yake. Narae naye akatikisa, si yake. Mi-ran, simu begani, akimtuma dereva kipande cha tatu cha Bisan, hakugeuka.

"Yangu," akasema. "Kaa ule, kuku anapoa."