Hali Imetulia

Asubuhi ile Edmond Kabange alipokea kidonge kutoka mkononi mwa mke wake, akakitia mdomoni, akameza maji peke yake. Kidonge kilibaki chini ya ulimi. Déborah alikuwa ameinama kwenye mbabula akipuliza makaa yaliyokuwa na unyevu, hakuona kitu. Edmond akaenda chooni nyuma ya nyumba, akakitema shimoni, kama alivyofanya jana na juzi.

Wazo lilikuwa la Matthias, karani wa ofisi ya pensheni. Alimvuta pembeni sokoni akamwambia kwamba safari hii daktari wa tume ya kupima walemavu anakuja kweli, na kwamba huyo daktari haamini karatasi, anaamini anachokiona. Aliyekatwa mguu anaonekana. Kipofu anaonekana. Mwenye kifafa akiingia ametulia, shati limepigwa pasi, ataonekana ni mtu mwenye afya asiyetaka kazi.

"Minyi siko nakuambia kitu," Matthias alisema, akitazama huku na huku. "Lakini ingekuwa ni minyi, ningeacha dawa kwanza."

Edmond alikuwa fundi wa breki za mabehewa kwenye depo ya reli ya Kamina, kazi aliyoikuta kwa baba yake. Siku moja mtaimbo ulimponyoka mwenzake ukampiga Edmond kichwani. Jeraha lilipona. Baada ya miezi michache akaanguka katikati ya depo, povu mdomoni, visigino vikipiga sakafu, na tangu hapo akawa mtu wa kuanguka. Shefu wake alimwambia kwa upole kwamba hawezi kumwacha mtu wa namna hiyo karibu na magurudumu, akamwelekeza kwenye pensheni ya ulemavu.

Tangu siku hiyo wamekuwa wakingoja. Wajenzi walikataa kumpandisha ngazi. Mara moja aliangukia mbabula, na mkono wake wa kushoto ukabaki na kovu kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo. Kwa majirani alikuwa na kikombe chake peke yake, walichokitundika nje. Nyumbani walikula kwa mikono ya Déborah, aliyeuza vitumbua gari-moshi likipita. Na siku hizi unga na mafuta vilipanda bei huku gari-moshi likizidi kuadimika. Hata hivyo vidonge vilinunuliwa kwanza, kabla ya sabuni, kabla ya karo ya Mwila, mtoto wao wa kwanza.

Tume ilikuwa imetangazwa mara mbili, na mara zote mbili daktari hakufika kutoka Lubumbashi. Leo alikuwa amefika. Gari lake lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi, jengo la matofali mekundu karibu na njia ya reli, na barazani watu walikwisha kujaa kwenye mabenchi.

Matthias alipokea mafaili akiwa na sura ya kazi, kana kwamba hajawahi kuongea na Edmond sokoni. Akafungua la kwao, akalipekua, akasema cheti cha makazi kimekwisha muda. Déborah akamwambia kwamba hawajahama, nyumba ni ileile. Matthias akajibu kwamba yeye anajua, lakini cheti hakijui.

Wakarudi mpaka kwa mkuu wa mtaa. Huyo aliwakalisha nje mpaka alipomaliza kunyoa ndevu, kisha akatafuta mhuri, kisha akalalamika kwamba wino wa mhuri haununuliwi na serikali, anaununua yeye. Déborah alikuwa na vitumbua vya jana kwenye mfuko. Mkuu alikula kimoja akiwa amesimama, vilivyobaki akavifunga kwenye gazeti, na mhuri ukapata wino.

Waliporudi jua lilikuwa limeshaingia barazani. Mlinzi wa ofisi hiyo alikuwa mmoja tu, Mzee Jessé, mstaafu wa reli aliyekuwa akimfahamu baba yake Edmond. Aliwasogeza watu wawili ili wao wapate kukaa.

Edmond alikaa akikisikiliza kichwa chake. Alijua dalili zake: kwanza ladha ya chuma ulimini, halafu mwanga unajikunja pembeni, halafu hakuna kitu tena. Miaka yote alikuwa akiiogopa ladha ile. Leo alilamba midomo, akaitafuta. Haikuja. Alijisikia vizuri, tena vizuri kuliko siku nyingi, na hilo likamtia hofu. Mtu mmoja wa Kabongo, mwenye mguu mmoja na magongo, aliingia ndani na kutoka upesi, akicheka na kila mtu.

Walipoitwa, Déborah aliingia naye. Daktari Mputu alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho ya kukosa usingizi, na aliwasalimu vizuri. Alimwambia Edmond anyooshe mikono, afumbe macho, atembee kwa mstari, afuate kidole kwa macho. Edmond alifanya yote. Daktari akaligusa kovu la mkono, akauliza lilitoka wapi, akaandika.

"Mara ya mwisho alianguka lini?"

Edmond alifungua kinywa aseme ni juzi, lakini Déborah alikuwa na jibu tayari. Ni jibu ambalo alilipenda, kwa sababu ni yeye aliyelifanyia kazi.

"Ni mbele ya Pentekoste, munganga. Minyi mwenyewe njo ninamupa dawa kila asubuhi, na mukono yangu. Haikosake."

Daktari aliinua kichwa akamtazama kwa heshima. Akasema wagonjwa wengi huko mikoani huacha dawa, wengine hupelekwa kwa watu wa maombi, na kwamba kama kila mgonjwa angekuwa na mke kama huyu kazi yake ingekuwa nyepesi. Déborah alitabasamu, akatazama chini. Kisha akamwona daktari anaandika maneno mawili ya Kifaransa kwenye sehemu ya mwisho ya karatasi, akauliza yanasemaje.

"Hali imetulia," daktari alisema. "Njo kusema, na dawa anaweza kutumika kazi."

Tabasamu la Déborah liliondoka taratibu. Akaeleza kwamba depo wamemkataa, na wajenzi wamemkataa, kwamba hakuna mtu wa Kamina anayeweza kumpa hata kazi ya kulinda mbuzi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa, lakini hilo ni jambo la mwajiri. Yeye ametumwa kupima mwili, na karatasi yake ina nafasi ya mwili tu. Wakitaka wanaweza kukata rufaa Lubumbashi, wakiwa na kipimo cha ubongo. Mashine ya kipimo hicho Kamina haipo.

Edmond hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiitazama sakafu ya saruji mbele ya viatu vyake, akiwaza kujitupa chini kama aliyeshikwa na kifafa. Lakini hakuwahi kujiona akianguka. Wengine wote walikuwa wameona, mke wake, watoto, mtaa mzima, isipokuwa yeye. Hakujua mikono inakwenda wapi, wala sauti anayoitoa ni ya namna gani. Akasimama, akashukuru, akatoka.

Barazani alimwambia Déborah kuhusu vidonge. Alimwambia yote, na Matthias sokoni, na choo. Déborah alikaa kwenye benchi, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena.

"Baba Mwila," alisema polepole, "kama ungeangukia mu moto leo? Kama ungeangukia mu choo kulekule?"

Edmond alisema alitaka wamwone. Alikuwa anataka kuongeza neno lingine, lakini uso wake uligeuka upande, kama mtu aliyeitwa na mtu nyuma yake. Mguno mrefu ukamtoka kifuani. Akaanguka kati ya benchi na ukuta.

Watu waliruka kando. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake uso. Déborah alipiga magoti, akaweka kitambaa chake chini ya kichwa kilichokuwa kikigonga saruji, na Mzee Jessé akaingia ndani kumwita daktari.

Daktari Mputu alikuja akikimbia. Alipiga magoti vumbini na suruali yake ya kijivu, akamlaza Edmond ubavu, akalegeza kola, akashika saa yake kwa mkono mwingine. Hakumwogopa, hakukwepa povu. Matthias alisimama mlangoni na mafaili kifuani. Mwili ulipoacha kutetemeka na pumzi ikaanza kukoroma, daktari alibaki pale pale, kiganja chake begani kwa mgonjwa.

"Munganga," Déborah alisema. "Sasa umeona."

"Nimeona, mama. Leo alikunywa dawa?"

Déborah alimtazama Matthias, na Matthias akatazama kamba ya mafaili. Daktari alikuwa mtu mzima, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akashusha pumzi. Akasema karatasi ile amekwisha kuitia sahihi. Na hata akiandika nyingine, itambidi aandike alichokiona chote, yaani mgonjwa ameacha matibabu kwa hiari yake. Kanuni haimlipi anayekataa matibabu.

"Akimeza, hali imetulia," Déborah alisema. "Asipomeza, anakataa. Munganga, minyi siko mutu ya masomo. Unifundishe. Ameze ao asimeze?"

Daktari alitazama barabarani. Gari lake lilikuwa limekwisha kuwashwa. Ndege ndogo ya kurudi haikungoja mtu.

"Ameze, mama," alisema mwishowe. "Ameze kila siku."

"Na pensheni?"

Daktari alisimama, akapangusa magoti. Alitoa mfukoni pakiti ya vidonge, vilevile vya Edmond, akamwekea Déborah mkononi, akaukunja mkono wake juu ya pakiti hiyo kama mtu anayeaga msibani. Kisha akaondoka. Déborah hakushukuru. Matthias alifunga madirisha moja moja, akapitia mlango wa nyuma.

Waliobaki wakatawanyika. Baraza likawa tupu, mabenchi yamejaa vumbi na maganda ya karanga. Mzee Jessé alileta maji kwenye bakuli, wakamwosha Edmond uso, wakamwinua wakamkalisha, mgongo ukutani. Alifungua macho. Kama kila mara, hakukumbuka kitu, wala kuanguka, wala chumba cha daktari. Alitazama mlango uliofungwa, kisha shati lake lililochafuka, akaanza kulipangusa kwa haraka.

"Bamekwisha kutuita?" aliuliza. Ulimi wake ulikuwa mzito.

Déborah alimfunga kifungo cha kola.

"Bado. Ikala chini."

Mzee Jessé alikuwa na mnyororo wa geti mkononi. Alikohoa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba saa ya kufunga imefika, kwamba yeye ni mlinzi tu, na kesho ofisi haifunguliwi.

"Funga, papa," Déborah alimwambia bila kugeuka. "Sisi tuko ku foleni."

Mzee alisimama na mnyororo wake, akitazama mmoja halafu mwingine. Edmond aliinyoosha miguu yake iliyokuwa ikiuma bila yeye kujua kwa nini, akayatazama mabenchi matupu.

"Nani iko mbele yetu?"

"Hakuna mutu," alisema Déborah. "Weye njo wa kwanza."