Lama Saba Chini ya Landrova

Jumamosi hiyo, salongo, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, ilipokwisha na kila mtu kurudi kwake na jembe lake, Lucien aliinua nyuma ya Landrova kwa kriki, ile jeki ya gari, uani kwake Nyawera, mjini Bukavu, akaikalisha juu ya magogo. Kesho yake alitakiwa kumteremsha baba yake kutoka kijiji cha Miti. Papa Modeste alikuwa ameteleza shambani akavunjika nyonga, na leo ilikuwa siku ya nne. Muuguzi wa kule hakuficha neno: "Akibakia hapa, hatamaliza mwezi. Mumupeleke hopitali ya mujini."

Lakini gari lenyewe lilikuwa gonjwa. Mashimo ya barabara yalikuwa yamekula resori za nyuma, zile springi za vyuma bapa vilivyopangwa: lama moja, yaani chuma kimoja, imekatika, zilizobaki zimelala kabisa. Jirani yake Adalbert, aliyeendesha malori ya Kamituga mpaka mgongo ukamkatalia, alikuja kusaidia. Walimwagia bulo, zile bolti zenye kutu, mafuta machafu, wakazigonga hadi zikaachia. Vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye matundu ya resori havikupatikana Bukavu nzima, basi Adalbert akavichonga kwa kisu kutoka tairi kuukuu.

Kila resori ilikuwa na lama tano. Adalbert alitia mpya badala ya ile iliyokatika, akashika moja nene ya lori. "Tuongeze hii moja tu, kila upande."

"Tuongeze mbili," Lucien alisema.

"Ndugu, hii ni lama ya kubeba mihogo. Mihogo haisikiake maumivu."

Adalbert alisema kweli, na Lucien alijua ni kweli. Ila Noeli iliyopita alikuwa amefika Miti na gari limekalia mkia, na baba yake mdogo, Stanislas, akamuuliza mbele ya watu waliotoka misa: "Ile ngombe tuliuzisha juu ya kulipa masomo yako, ndiyo ilizaa hii?" Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Lucien akacheka nao, ila tangu siku ile maneno hayo hayakumtoka rohoni.

"Weka zote," alisema. Sikio la kufa halisikii dawa. Adalbert aliziweka, akakaza bulo.

Gari lilipotua chini, mkia ulikuwa umeinuka juu. Lucien alifurahi. Baba yake amelala na nyonga iliyovunjika, naye akachota maji akaliosha gari!

Jumapili alifika Miti watu wakitoka misa. Safari hii Stanislas alipiga bodi kwa kiganja, akasema, "Eheee, sasa ni gari." Wakamlaza mzee nyuma juu ya godoro.

Shimo la kwanza, godoro liliruka na mzee juu yake. La pili, aliuma shuka. Lucien alipunguza mwendo hadi watu wa miguu wakampita, lakini lama zile zilikuwa zikingoja tani nzima, na mzee aliyekonda kama yule hazikumsikia kabisa. Akaomba wanaume wanne wapande ili uzito uzilainishe kidogo. Walipanda, wakarushwa pamoja naye. Walipofika kwenye daraja la kijito, Papa Modeste alilia kwa sauti. Lucien hakuwa amewahi kumsikia baba yake akilia.

"Simamisha," mzee alisema. "Unirudishe kwangu."

"Papa, muuguzi alisema..."

"Nilimusikia. Nitafia ku kitanda yangu."

Wale wanaume walikata mianzi, wakafungia godoro juu yake, wakatengeneza kipoyi, machela ya kubebea mgonjwa. Lucien aliwasihi wambebe hivyo hivyo mpaka mjini. Mzee akakataa: mjini ni mbali, naye hana tena nguvu ya safari ndefu.

Wakamwinua mabegani. Lucien alitembea ubavuni, ameshika ukingo wa godoro.

"Papa, unisamehe. Adalbert alinikataza kuongeza lama. Nilifanya juu ya macho ya watu, wasinicheke tena."

Mzee akanyoosha mkono, akamgusa mwanawe kichwani.

"Hata mimi," alisema, "asubuhi, wakati niliona gari yako imesimama mukia juu, nilifurahi."

Landrova ilibaki pale darajani, mlango wa nyuma wazi.