Namba Moja

Dada yangu ni daktari wa watoto. Siku alipokubaliwa kujitolea kupitia makala za kongamano la madaktari, nyumba haikukalika. Alivaa miwani ya kusomea hata akideki.

"Nimeingia kwenye kamati!" alimwambia fundi bomba, naye fundi akampa pole.

Makala zilikuja bila majina ya waandishi, asije mtu akapendelewa. Alitakiwa kuzipa alama, moja hadi tano. Kila iliyomkuna aliipigia vigelegele mpaka shemeji akaruka kwenye kochi, kisha akaipa moja. Darasani anayeongoza si ndiye namba moja? Ni makala moja tu iliyomchefua, ile iliyothibitisha kwa mbwembwe kwamba mtoto akichomwa sindano hulia. Hiyo akaitwanga tano, na kalamu akaitupa.

Asubuhi mwenyekiti wa kamati, daktari mzee, akapiga simu, anacheka mpaka anakohoa, sauti yake ikisikika sebule nzima.

"Mwanangu, mbona umewachinja wote? Alama ya juu ni tano!"

Dada akajibwaga kwenye kiti, juu ya miwani yake.

"Yarabi! Samahani mzee, narekebisha zote sasa hivi."

"Rekebisha, mama. Ila ile ya sindano usiiguse. Wenzako wote wameniponda, wewe peke yako ndiye uliyenielewa."

Mimi na shemeji tukazibana midomo kwa mito ya kochi.

"Mzee," dada akasema kwa adabu zote, "ile iliniingia kama sindano yenyewe."